Upepo wa Singida na mafuta ya baharini: familia ipime kwa mizani gani?

Na Mwandishi Wetu

NDUGU msomaji, mkazi wa Singida hana haja ya kufundishwa upepo ni nini. Miezi ya kiangazi inapofika, upepo wa kusi huvuka mbuga, hupita katikati ya majabali yaliyosimama kama walinzi kando ya mji, hukwaruza maji ya ziwa Singidani na Kindai, kisha hubisha hodi kwenye mabati ya kila nyumba. Mama anayepepeta uwele hujua asimame upande gani. Mwanafunzi anayevuka uwanja wa shule hushika kofia yake kwa mkono mmoja na daftari kwa mkono wa pili. Kwa vizazi vingi watu wa mkoa huu wameuona upepo kuwa ni msumbufu wa kuvumiliwa, pengine ni mkavishaji wa shamba, lakini si mali.

Leo upepo huo unahesabiwa kuwa mali. Na wakati huo huo mali nyingine inatajwa katika nchi yetu kwa sauti kubwa zaidi: gesi iliyo chini ya bahari ya Lindi na Mtwara, mafuta yanayotafutwa katika maji ya Unguja na Pemba, na mafuta ghafi ya Uganda yaliyowekewa njia ya kupita katika ardhi yetu hadi Tanga. Mwambao, ambao sehemu kubwa ya riziki yake hutokana na wageni wanaokuja kuona mchanga mweupe na maji ya samawati, unatakiwa uamue ni kiasi gani cha uchimbaji unaweza kukaa nacho nyumba moja. Je, jambo hilo linamhusu mfanyakazi wa kiwanda cha kukamua alizeti mjini Singida, aliye mbali na bahari karibu kilometa 700? Makala haya yanajibu kuwa linamhusu sana, na yanajaribu kuonyesha kwa nini.

MALI INAYOPITA JUU YA MAPAA

Tuanze na kilicho karibu. Vipimo vilivyofanywa eneo la Kititimo, mjini Singida, vilionyesha kuwa upepo hapo huvuma kwa wastani wa mita 9.9 kwa sekunde katika kimo cha mita 30. Makambako, ambako nako kunasifika kwa upepo, palionekana mita 8.9. Kwa mtu asiye fundi tofauti ya mita moja ni kitu kidogo. Kwa fundi ni kitu kikubwa mno, kwa sababu nguvu iliyomo katika upepo haiongezeki sawa na kasi yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nane. Kwa hiyo mahali penye upepo wa mita 10 hapana nguvu mara mbili ya mahali penye mita 5. Pana nguvu mara nane. Hiyo ndiyo sababu wenye mitaji wamekuwa wakija Singida na vipimo vyao.

Mipango haikukosekana. Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, liliingia ubia kwa mradi wa megawati 50. Kampuni nyingine zilitaja mradi wa megawati 100. Hata hivyo miaka yote ya 2010 ilipita bila wakazi wa Singida kuona mapanga makubwa yakizunguka juu ya mashamba yao. Shamba la kwanza la upepo nchini lililoingiza umeme katika matumizi lilifunguliwa mwaka 2020 kwingineko, huko Mwenga, wilayani Mufindi, nalo lilikuwa dogo, la megawati 2.4.

Kilichokamilika Singida ni njia ya kupitishia umeme. Njia kuu ya kilovolti 400 inayotoka Iringa hadi Shinyanga, yenye urefu wa kilometa 670, inapita Dodoma na Singida. Kutoka Singida ikajengwa njia nyingine ya ukubwa huo huo kwenda Babati, Arusha na Namanga, ambako inaungana na gridi ya Kenya. Maana yake ni kwamba Singida imekuwa njia panda ya umeme wa Afrika Mashariki. Mwenye shamba hulalamika kwamba mazao yapo lakini barabara hakuna. Hapa, ndugu msomaji, barabara ipo tayari, na mazao yanapita angani kila siku bila kuvunwa.

BOMBA CHINI YA MIGUU

Sasa tutazame chini. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, linalotoka Hoima nchini Uganda hadi rasi ya Chongoleani mkoani Tanga, lina urefu wa kilometa 1,443, na sehemu yake kubwa, kilometa 1,147, imo Tanzania. Singida ni mmoja wa mikoa minane ya nchi yetu inayopitiwa na njia hiyo. Wabia wa mradi, wakiongozwa na TotalEnergies ya Ufaransa, waliamua kuweka fedha zao mwezi Februari 2022. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, lina hisa za asilimia 15. Ada iliyokubaliwa ya kusafirisha mafuta hayo ni dola 12.77 kwa kila pipa.

Mafuta ya Uganda yana nta nyingi. Yakipoa huganda kama samli wakati wa baridi. Kwa sababu hiyo bomba lake linafunikwa kwa kizuia-baridi na kupashwa joto kwa umeme, ili mafuta yabaki na joto la nyuzi 50 hivi njia nzima. Fikiri juu ya jambo hilo. Hata mafuta, ili yasafiri, yanahitaji umeme.

Tena liko jambo la tatu. Katika bonde la Eyasi na Wembere, ambalo linagusa Singida pamoja na mikoa jirani kama Simiyu, Tabora, Manyara na Arusha, TPDC imekuwa ikitafuta dalili za mafuta kwa kuchoronga visima vifupi vya utafiti na kupima miamba kwa mitetemo. Bonde la Wembere ni mbuga ya maji. Maji yake huingia ziwa Kitangiri, wilayani Iramba, ambako wavuvi hupata samaki, kisha hushuka kwa mto Sibiti hadi ziwa Eyasi. Huko ndiko wanakoishi Wahadzabe, ambao riziki yao ni mizizi, asali na nyama ya porini.

Basi anayedhani kwamba kuchagua kati ya mafuta na upepo ni jambo la watu wa pwani, na atazame ramani ya mkoa wake. Upepo uko juu ya paa, bomba liko chini ya shamba, na utafutaji uko bondeni.

MWAMBAO UNAVYOISHI

Tuje sasa pwani. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 600,000. Kwa kijana wa Nungwi au Paje mgeni ndiye mshahara. Mvuvi humuuzia hoteli samaki, mama humuuzia viungo, na dereva humbeba. Mafia wageni huja kuogelea pamoja na papa potwe, yule samaki mkubwa asiyedhuru mtu. Huko ndiko ilikoanzishwa hifadhi ya kwanza ya bahari nchini, mwaka 1995. Tanga kuna hifadhi iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya silikanti, samaki ambaye wataalamu wa dunia waliamini ametoweka tangu zama za kale, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Bandari ya kupakilia mafuta ya Uganda iko katika pwani hiyo hiyo ya Tanga.

Zanzibar nayo ina hamu ya mafuta, na haifai kuilaumu kwa hilo. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 ilifungua njia ya visiwa kusimamia shughuli zake za mafuta na gesi, na mwezi Oktoba 2018 Serikali ya Mapinduzi ilitia sahihi mkataba wa mgawanyo wa mazao na kampuni ya RAK Gas ya Ras al-Khaimah kwa kitalu cha Pemba na Zanzibar. Kisiwa kinachotegemea karafuu na wageni kina haki ya kutafuta mguu wa tatu wa kusimamia. Swali ni kama mguu huo wa tatu hautavunja ule wa pili.

Mfano mmoja hauko mbali nasi. Tarehe 25 Julai 2020 meli ya Wakashio ilipanda juu ya miamba ya matumbawe kusini mashariki mwa Mauritius. Haikuwa imebeba mafuta ya biashara; yalikuwa mafuta ya mashine zake yenyewe. Tani 1,000 hivi zilimwagika. Wananchi walishona magunia wakayajaza majani ya miwa, wengine wakatoa nywele zao, ili kuzuia weusi ule usifike ufukweni. Na mwaka 2010, kisima cha Macondo katika ghuba ya Mexico kililipuka chini ya mtambo wa Deepwater Horizon, kikaua wafanyakazi 11 na kumwaga mafuta kwa siku 87. Huko iligunduliwa kwamba wageni huzikimbia hata fukwe ambazo hazikuguswa na tone moja la mafuta. Mtalii hasomi ramani kwa makini. Akisikia pwani fulani imechafuka, huenda kwingine.

Lakini mwambao huo huo una fundisho la pili, na ni haki tuliseme. Mwezi Mei 2008 waya wa umeme unaotoka Bara kupitia chini ya bahari uliharibika, na Unguja ikakaa gizani kwa muda wa mwezi mzima. Desemba 2009 ukaharibika tena, na safari hii giza lilidumu miezi mitatu. Hoteli ziliunguruma kwa jenereta usiku kucha. Maji yalikosekana mabombani kwa kuwa pampu zilisimama. Mwenye duka la barafu alifunga, na samaki wakaoza. Waya mpya wa megawati 100 ulikamilika mwaka 2013. Kwa hiyo mwananchi wa Unguja hawezi kuambiwa kwamba nishati ni anasa. Ameonja kukosa. Utalii unahitaji bahari safi, na unahitaji taa pia.

GESI SI MAFUTA

Hapa panahitaji ufafanuzi, maana katika mazungumzo ya vijiweni vitu viwili hivi huchanganywa kama ndugu mapacha.

Gesi ya asili ya nchi yetu iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, na Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982. Ya Songo Songo ilianza kutumika mwaka 2004 ilipofikishwa Dar es Salaam kwa bomba. Bomba la pili, la kutoka Mtwara, lilizinduliwa mwaka 2015. Tangu mwaka 2010 ikagunduliwa nyingine katika kina kirefu cha bahari, na jumla ya gesi yote inakadiriwa kuwa futi za ujazo trilioni 57. Gesi hiyo imeendesha mitambo ya umeme kwa miaka mingi. Unapobonyeza swichi Singida, sehemu ya mwanga unaouona imetoka chini ya bahari. Hatuwezi kuila kwa mkono wa kulia na kuitukana kwa mkono wa kushoto.

Tena gesi ikivuja haiachi lami nyeusi juu ya mchanga kama yafanyavyo mafuta ghafi. Hupanda hewani. Madhara yake ni ya namna nyingine: huweza kulipuka, na ikiachwa ipae hovyo huzidisha joto la dunia, joto lile lile linalofifisha matumbawe. Kwa hiyo anayepima uchimbaji wa baharini lazima aulize kwanza: kinachochimbwa ni gesi au ni mafuta? Kiko kina gani, na umbali gani kutoka kwenye matumbawe na mikoko? Kisima cha gesi kilicho mbali katika kina kirefu cha Lindi si sawa na kisima cha mafuta kilicho mbele ya kijiji cha wavuvi na hoteli.

Na wewe mama wa nyumbani, jambo hili ni lako. Gesi iliyo katika mtungi wako wa kilo 6 au wa kilo 15 siyo ile ya Songo Songo. Ni gesi itokanayo na petroli, nayo huletwa na meli kutoka nje. Hugeuka maji kwa kushindiliwa kidogo tu, ndiyo maana hukaa mtungini. Gesi yetu ya asili ni laini zaidi. Ili igeuke maji hutakiwa ipozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Hapo ndipo penye gharama kubwa ya kiwanda kinachokusudiwa kujengwa Likong'o, Lindi. Ndiyo sababu nyumba za Dar es Salaam na Mtwara zilizounganishwa na bomba hupikia gesi ya nyumbani, na nyumba ya Singida haijaunganishwa.

Tofauti hiyo ina faida jikoni. Gesi ya asili ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja hupanda juu. Gesi ya mtungi ni nzito, ikivuja hutambaa sakafuni na kutulia pembeni kama maji. Ukinusa harufu yake usiwashe kiberiti wala usiguse swichi ya taa. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, watoe watoto nje, uache upepo wa Singida ufanye kazi yake.

UPEPO NAO UNA DENI LAKE

Wapo wanaosema upepo ni wa bure. Upepo ni wa bure kweli. Mnara, mapanga, waya na ardhi si vya bure. Majirani zetu wa Kenya wametutangulia katika njia hii, na mwenye busara hujifunza kwa safari ya mwenzake.

Karibu na ziwa Turkana, Loiyangalani, Wakenya walisimamisha mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Mitambo hiyo ilikuwa tayari mwaka 2017. Njia ya umeme, yenye urefu wa zaidi ya kilometa 400, haikuwa tayari mpaka mwaka 2018. Mapanga yakasimama yakitazama upepo unavyopita, na serikali ikabebeshwa fidia ya mabilioni ya shilingi za Kenya kwa umeme ambao haukuwasha taa hata moja. Kisha mwaka 2021 mahakama ya ardhi ikasema kuwa hati za ardhi ya mradi huo hazikupatikana kwa kufuata taratibu. Wafugaji walikuwa wamelalamika tangu mwanzo.

Kinangop mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mradi wa megawati 60 hivi ulikwama kwa sababu wakulima hawakuridhika juu ya ardhi na usalama wao. Zikatokea ghasia, mtu akapoteza maisha, na mwaka 2016 mradi ukavunjwa. Tuwe waadilifu: hapo hapakuwa na tone la mafuta, na bado damu ilimwagika. Nishati safi ikiletwa kwa njia isiyo safi huzaa ugomvi ule ule.

Sisi wenyewe tuna kumbukumbu yetu. Mwaka 2013 Mtwara iliwaka moto na watu wakapoteza maisha, kwa sababu wananchi waliona gesi yao ikiondoka kwa bomba kwenda Dar es Salaam huku wao wakiuliza watabaki na nini. Ukisikiliza chini ya kelele zote, hoja ya Mtwara na ya Kinangop ni moja. Mwananchi hakatai mali itoke kwake. Anakataa mali itoke kwake ikimruka.

Upepo una udhaifu mwingine pia. Hauji kwa amri. Saa ya jioni, mama wote wanapowasha jiko na baba wanapowasha televisheni, upepo unaweza kuwa umelala. Ndege nao huumia kwa mapanga, na maziwa ya Singida hutembelewa na heroe na ndege wengine wengi. Mnara ukisimikwa katika njia yao utakuwa mtego. Mambo haya hayaondoi thamani ya upepo. Yanataka tu ipangwe vema nguzo isimame wapi na umeme gani uusaidie upepo unapopumzika.

Na hapo ndipo penye bahati yetu. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, lilianza kutoa umeme mwaka 2024 na mitambo yote ikakamilika mwaka 2025. Wako waliouliza: sasa upepo wa nini? Jibu liko katika kumbukumbu ya kila familia. Mwaka 2006 na mwaka 2011 mabwawa yalikauka na nchi ikaingia katika mgawo wa umeme. Vinyozi, mafundi seremala na wenye mashine za kusaga wanakumbuka hasara yao. Bwawa hutegemea mvua. Upepo wa Singida huzidi nguvu katika kiangazi, wakati mito inapopungua. Mmoja akichoka mwenzake anaamka. Maji yanaweza kuwekwa akiba bwawani upepo unapovuma, na kufunguliwa upepo unapolala.

Liko na la umbali. Mwezi Machi 2025 ilielezwa kuwa serikali inakusudia kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa sababu umeme unaosafirishwa kutoka mbali hupotea njiani. Singida iko katikati ya njia hiyo ya kaskazini. Umeme ukizalishwa Singida hauna safari ndefu ya kufika Babati na Arusha.

MIZANI YA FAMILIA

Tumeona pande zote mbili. Sasa tupime. Makala haya hayakubaliani na yule asemaye kila kisima kifungwe kesho, kwani atakuwa amezima taa ya hospitali kabla hajawasha nyingine. Wala hayakubaliani na yule asemaye chochote kilicho chini ya ardhi au bahari lazima kitolewe kwa kuwa kipo. Kipo hakimbii. Gesi iliyokaa chini ya bahari kwa mamilioni ya miaka haitaoza kwa kungoja mkataba bora. Fukwe zikichafuka na matumbawe yakifa, hayo ndiyo yasiyorudi katika maisha ya watoto wetu.

Kwa hiyo utaratibu wa busara ni huu. Gesi ambayo tayari inatoka iendelee kutumika, hasa viwandani na katika mitambo ya umeme, ikiwa ni ya kushikia zamu. Utafutaji wa mafuta mbele ya matumbawe, mikoko na vijiji vinavyoishi kwa wageni uwekewe masharti makali kuliko mahali pengine popote, na pengine pasiguswe kabisa. Na mali isiyoisha, yaani upepo na jua la mikoa ya kati, ipewe nafasi ya kwanza pale panapotakiwa megawati mpya. Kila megawati inayotoka Kititimo ni hoja moja inayopungua ya kuchimba mbele ya Nungwi. Hivyo ndivyo Singida inavyoweza kuulinda mwambao ambao wengi wa wakazi wake hawajauona.

Lakini nani atakayehakikisha? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini, na wananchi wasikilizwe. Haki hiyo si pambo. Huko Lamu, Kenya, mji wa kale unaoishi kwa wageni na uvuvi, wakazi walikwenda kwenye baraza la rufaa la mazingira kupinga mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Mwezi Juni 2019 baraza likafuta kibali, na moja ya sababu zake ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Walioshinda walikuwa watu wa kawaida waliosoma karatasi waliyoletewa.

Nasi tusome. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti juu ya ardhi yake. Mgeni mwenye mradi akifika, uwe ni wa bomba, wa kisima au wa mnara wa upepo, kuna maswali ambayo baba na mama wanapaswa kwenda nayo mkutanini. Ardhi itachukuliwa moja kwa moja, au itakodiwa na kodi ilipwe kila mwaka? Fidia italipwa lini baada ya kuthaminiwa, na je, mtu atazuiwa kupanda mazao ya kudumu katika muda wa kungoja? Chini ya mnara au juu ya bomba ataruhusiwa kulima alizeti na kuchunga ng'ombe? Kijiji kitapata umeme, au kitaukodolea macho ukipita juu ya nyasi za mapaa yake? Vijana wangapi watafundishwa ufundi wa mitambo yenyewe, mbali na ulinzi wa lango? Na siku mtambo utakapozeeka, nani atauondoa?

Mke asiachwe nyumbani siku hiyo. Mara nyingi hati ya ardhi ina jina la mume, fidia huingia mkononi mwa mume, na jembe hubaki mkononi mwa mke. Familia ikae kwanza kitako, ihesabu pamoja, kisha iende mkutanini ikiwa na neno moja.

Walio mjini wana kazi yao pia. Mfanyakazi anayenunua umeme wa LUKU kila wiki ana haki ya kumuuliza mwakilishi wake: mikataba ya umeme inatiwa sahihi kwa bei gani, kwa fedha gani, na nchi italipa nini mtambo ukiwa umesimama? Mkenya aliyelipia upepo usiomfikia hakuuliza mapema. Tena mfanyakazi huyo aangalie jiko lake mwenyewe. Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Kila gunia la mkaa linaloshushwa mjini ni miti iliyoanguka Manyoni au Itigi, na ni nyuki waliohama na asali yao. Jiko la umeme linalopika maharage kwa saa moja halitakuwa na maana kama umeme wenyewe unakatika au bei yake inamshinda mama. Mjadala wa upepo na gesi huishia hapo, kwenye sufuria.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Tumejaliwa upepo, jua, maji na gesi, na huenda na mafuta. Kazi iliyobaki ni daftari: kuandika kila kinachotoka, kila kinachoingia, na kila kitakachobaki kwa watoto. Ndugu msomaji, jumapili hii mkiwa mezani, waulize vijana wako kama wanajua taa iliyo juu yao inatoka wapi. Kisha fungueni dirisha muusikilize upepo, mkajadiliane ungefaa kulipwa kiasi gani kwa kupita shambani kwenu.